Malalamiko Juu ya Kanga Aliyevaa Masizi

Ngokolo, Shinyanga
Jumatano, 14 Machi 1934

Kwa Bwana Mhariri wa Vitabu vya Watoto,

Baada ya salamu nyingi na kukuombea afya, mimi ni fundi cherehani, mshona kanzu, mtu wa Pwani. Nakuandikia kwa adabu zote kuhusu kijitabu chako cha picha na mashairi, kile cha ndege kanga aliyejipaka masizi ili kuku wamdhanie mwenzao. Binti yangu Tabu, mwenye miaka saba, alirudi nacho kutoka shuleni. Tangu siku hiyo chakula hakinishuki.

1. Picha. Kanga wako amevishwa kofia ya viua na kushikishwa bakora. Ngokolo nzima tuko wawili tu tunaotembea hivyo, na mwenzangu ni mtu wa Bagamoyo kweli kweli.

2. Mashairi yako yananata mno.

Kanga kavaa masizi, doa lisionekane,
Kwa kuku kaenda juzi, ili wote wafanane.

Watoto huyaimba mlangoni pangu, nami bila kujua hukanyaga cherehani kwa mapigo yao. Nimekwisha kushona mikono mitatu kwenye kanzu moja. Mchimba dhahabu aliyekuja kutoka Geita kuchukua suruali yake aliondoka anaimba. Mama Zamoyoni, mteja wangu wa siku nyingi, ameniuliza kwa upole kama kitambaa changu cheusi kinachuja.

3. Mvua. Ukurasa wa mwisho mvua inanyesha, masizi yanachuruzika, na mama yake kanga anaita kutoka porini. Mvua ya nini, Bwana? Sisi huku twaiomba hadi sauti zinakauka nayo haiji, lakini kitabuni mwako imekuja bila kuitwa na mtu.

4. Hili ndilo linaloniumiza. Kila Ijumaa asubuhi bibi mmoja muuza maziwa, jina lake Limi, huja kwa miguu kutoka Ibadakuli na kibuyu chake. Husimama mlangoni akanisalimu, "Mwangaluka." Nami humjibu, "Sabalkheri," nikainamia sindano, kwani mtu wa Pwani Kisukuma atakijulia wapi? Maziwa yenyewe hajapata kuniuzia, huyaacha tu. Miaka minne tumekaa hivyo bila ugomvi. Sasa Tabu ameanza kututazama, mara mimi, mara yule bibi, hasa puani.

Kwa hiyo naomba kijitabu kichapwe upya, mvua iondolewe na masizi yashike. Hilo likikamilika, itolewe amri kwamba mvua isinyeshe tena katika kitabu chochote cha watoto katika jimbo hili. Na ili kuzuia fujo nyingine, ndege wote wa vitabuni wasiwe na mama.

Nisalimie wachapaji, mchoraji (ingawa hastahili), watu wote wa nyumbani kwako, na kuku wako kama unafuga.

Mimi niliye mtiifu kwako,
Nassibu bin Akida
Mtu wa Pwani

Nyongeza: Ijumaa imefika kabla sijaifunga barua hii. Tabu alimkalisha bibi wa maziwa kibarazani akamsomea kijitabu chote. Bibi aliyacheka masizi yale hadi machozi yakamtoka. Walipofika pale mama anapoita, akauliza kama yule mtoto aliitika. Tabu akapekua kurasa akitafuta jibu, lakini wewe hukuliandika. Niliona haya, Bwana Mhariri, haya ambayo sijapata kuiona maishani. Nikasimamisha cherehani, nikatoka nje, nikainama mbele ya watu wote mpaka kofia ikaanguka, nikamwita mama kwa lugha aliyonilea nayo, "Mwangaluka, mayu."

Kwa hiyo yafute yote niliyoandika hapo juu, na mvua yako iache inyeshe. Mama hakunigombeza. Alisema tu kwamba amefurahi masikio yangu yamepona, kwa sababu miaka yote minne amekuwa akiwaambia watu wa Ibadakuli kwamba ni kelele za cherehani zilizoniziba.