Shahidi Hayupo

Nimeaibika leo, jamani. Nimeaibika mbele ya watu sita na marehemu wawili. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana Goma ni ndogo.

Mnajua nafanya kazi kwenye maabara moja huku Keshero. Naunda kingamwili kwa kompyuta. Kingamwili ya kawaida inashika kitu kimoja tu. Zangu zina vichwa viwili, kimoja kinakamata kirusi, kingine kinamvuta askari wa mwili aje amalizane nacho. Unaipa programu orodha ya vichwa, yenyewe inaviunganisha viwili viwili kwa kila njia, halafu inapanga seti nzima kwenye sinia yenye vishimo. Kila muungano unawekwa mara tatu, ili bahati isitudanganye.

Kila kichwa kinahitaji jina fupi. Mimi nikatumia majina ya marehemu wa ukoo wetu. (Walio hai niliwaogopa. Programu ikiandika kwamba mama yangu ni dhaifu, nitakula wapi?) Kichwa cha kwanza nikakiita Anastazia, jina la koko, bibi yangu mzaa mama. Ndilo jina langu pia, nililirithi kwake. Cha pili nikakiita Yozefu, mume wake.

Leo saa tatu asubuhi seti yangu ya kwanza ilikuwa ipite mbele ya kamati, kwa mtandao. Ikikubaliwa, inatengenezwa. Ikikataliwa, zamu yetu inakwenda kwa timu nyingine. Nikawahi, peke yangu. Umeme ulikuwa umekatika. Ukungu wa ziwa ulikuwa umeziba madirisha, na friji kubwa, ambayo siku zote inanguruma, ilikuwa kimya. Nikaunganisha kompyuta na mkutano mapema, nikapunguza mwanga wa skrini na kuzima spika za mkutano ili betri isiishe, au nilidhani nimezizima. Nikageuka kuvaa glavu.

Nyuma yangu mwanamke akasema kwa Kifaransa, polepole, bila hasira:

"Anastasie. Joseph. Témoin absent."

Anastazia. Yozefu. Shahidi hayupo.

Kwetu tumelelewa hivi: ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike. Mara ya kwanza ni upepo. Ya pili ni masikio yako. Ya tatu, ni wewe unayetafutwa. Nikasimama na glavu moja mkononi. Sauti ikarudia maneno yaleyale, kwa pumzi ileile. Nikajiambia ni masikio. Ikasema mara ya tatu.

Na mimi nilijua ni shahidi gani. Kwenye maabara yetu témoin ni kingamwili ambayo tabia yake tunaijua tayari. Unaiweka kando ya mpya ili uwe na cha kulinganisha. Jana nafasi kwenye sinia ilikuwa imeniishia. Nikaiondoa témoin, nikajaza miungano yangu, nikanyamaza. Hakuna aliyeniona.

Nikapiga magoti.

"Koko, unihurumie," nikasema kwa sauti. "Ni miye nilitoa témoin. Sikuambia mutu. Nilitaka seti yangu ionekane mukubwa."

Nikaongeza na habari ya maziwa ya unga ya Docteur wa maabara, kwamba niliyamaliza mimi, panya hana kosa. Kisha nikafanya ishara ya msalaba kwa mkono wenye glavu: "Raha ya milele uwape, ee Bwana."

Na kutoka kwenye giza, sauti nyingi zikaitikia pamoja: "Na mwanga wa milele uwaangazie."

Sijui niliingiaje chini ya meza. Nilikuwa nalia, sifichi.

"Anastazia," mwanamume akasema. "Ni miye, Docteur. Toka chini ya meza. Miguu inaonekana."

Docteur ndiye mkubwa wetu. Miwani yake imevunjika. Akiwa nyumbani Katindo, aliingia kwenye kompyuta yangu kupitia mtandao na kuwasha sauti, ili programu, yenye sauti ya kike, imsomee seti yangu mstari kwa mstari. Muungano wa kwanza umewekwa mara tatu, basi ukasomwa mara tatu, na kila mara programu ikamwonya kwamba témoin hayupo. Wajumbe walikuwa wameshaingia mkutanoni. Waliponiona nimepiga magoti wakadhani nimepata msiba, wakanyamaza kwa heshima. Sala ilipofika pa kuitikia, wakaitikia. Ni Wakatoliki, wangefanyaje?

Nilingoja wacheke. Hawakucheka. Docteur akauliza jambo moja tu: "Kama koko hangekuita, hii ya témoin ungeambia nani?"

Hapo ndipo niliona aibu ya kweli, kuliko ile ya chini ya meza. Tungetengeneza seti nzima, na mwisho tusijue ipi inafanya kazi na ipi inatuhadaa.

Wakanipa mpaka saa nane. Nikafuta miungano yangu mingi, nikamrudisha témoin mahali pake. Seti imepita, ndogo kuliko nilivyoiota.

Mwishoni mama mmoja wa kamati, anayeandika ripoti, akauliza aandike nani ndiye aliyegundua kosa. Docteur akafikiri kidogo. "Andika Anastazia," akasema.

Sikuuliza ni yupi. Msinicheke.