Kiingereza cha Kukohoa

Jumapili, 3 Agosti 2014
Geti la tatu limenikausha kama omena. Jua la Dubai halina adabu! Leo nimetumwa lobi, ukumbi wa mbele wa jengo, kupeleka funguo. Wacha we! Baridi tamu, harufu ya udi, sakafu inang'aa mpaka nikajiona sura yote. Nilitaka kuvua viatu. Na kuna nafasi moja ya mlinzi wa lobi! Mahojiano Alhamisi, kwa Kiingereza. Francis, ninayelinda naye geti, anaitaka pia. Eti ameanza kusoma. Asome tu.

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemwendea Phyllis wa chumba cha kamera. Kwao Nyeri alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Ameniambia "I work" ni la kila siku, "I am working" ni la sasa hivi. Nimebaki mdomo wazi. Sisi husema nafanya kazi, basi, tunakunywa chai. Hawa wameichukua leo wakaipasua mara mbili! Nani aliwaonyesha pa kukata? Nikauliza, je, mtu anayesinzia getini kila siku, na sasa hivi pia anasinzia? Akasema huyo hufutwa. Naiogopa lugha hii, haki.

Jumanne, 5 Agosti
Francis amenialika tusome pamoja. Nikamwambia nina njia yangu. Na ninayo! Mlinzi redio haimtoki sikioni. Nikiulizwa swali nitabonyeza kitufe, Phyllis asikie, akohoe. Mara moja, la kila siku. Mara mbili, la sasa hivi. Amecheka hadi machozi, akasema nimepotea, kisha akakubali kwa chapati za mtaa wa Satwa. Kichwa changu chanitisha!

Alhamisi, 7 Agosti
Francis aliingia kwanza, akatoka, akaenda kushika geti. Nikaingia. Madam wa mahojiano akauliza kazi yangu ya kila siku. Kikohozi kimoja. Nikajibu. Akatabasamu! Akauliza ninajifunza nini sasa hivi. Viwili. Nikajibu, mwili ukanisisimka. Mimi huyu, Kiingereza kile! Likabaki swali moja.

Mara msimamizi akaita redioni: Gate Three! Lori la maji! Alikuwa anamwita Francis. Lakini sauti ile ikiita, miguu yangu hujibu kabla yangu. Nikaruka, nikapiga saluti, nikapaza "Copy, sir!", nikakimbia. Francis alikuwa ameshainua kizuizi. Akaniuliza nimefuata nini. Nikageuka mbio. Kurudi, mlango umefungwa. Madam alisema lobi inataka mtu wa kukaa. Woi! Nililia, jasho likanisitiri.

Jumapili, 10 Agosti
Francis yuko lobi. Ameniletea maji baridi, mjinga yule ana roho nzuri. Nimekunywa yote. Phyllis anasema tuanze kusoma polepole, nafasi zitakuja. Nikamwambia inshallah. Lakini nimesikia ghorofa ya juu wanatafuta mlinzi, mahojiano kwa Kiarabu. Kiarabu! Lugha inaandikwa kutoka kulia na haipotei, ajabu ya Mungu! Masuda wa usafi anakijua sana. Nishamuuliza kama anaweza kukohoa.