Vikohozi Vitatu Darini

Jumatatu, 10 Januari 1983

Msiba! Soprano wa onyesho la Jumapili amelazwa na mafua huko Milano. Uongozi wa jumba la opera umeita mbadala: Zaira Montecchi. Miaka ishirini na saba. Tena anatoka Reggio. Reggio, jamani! Nusu saa kwa treni kutoka hapa Parma, na tangu dunia iumbwe hawajatupa kitu isipokuwa ukungu na madai kwamba jibini letu ni lao.

Sijawahi kumsikia. Sina haja. Miaka thelathini na nane nilifanya kazi kwenye maghala ya mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa kwa chumvi. Unachoma sindano ya mfupa wa farasi kwenye paja, unaichomoa, unanusa mara moja, unatoa hukumu: hili zima, lile bovu. Pua yangu haikukosea hata siku moja. Na masikio yangu yako jirani kabisa na pua.

Nilimweleza hayo Zilioli pale baa. Zilioli ni fundi saa mstaafu. Tumekaa naye bega kwa bega miaka thelathini na moja kule darini, ndivyo tunavyoiita ghorofa ya juu kabisa ya jumba: mabenchi ya mbao, tiketi za bei nafuu, watu wenye akili. Matajiri wakae chini na almasi zao. Hukumu hutoka juu.

Zilioli akasema eti alimsikia huyo binti mwaka jana Piacenza, akalia. Nikamjibu kwamba yeye hulia hata redio ikitangaza hali ya hewa. Akasema nisubiri kusikia kabla ya kusema. Nisubiri! Mimi!

Nimeamua. Jumapili binti wa Reggio atazomewa.

Jumanne, 11 Januari

Jeshi limepatikana. Wanaume kumi na wanane wa darini, wote wenye mapafu mazuri. Nimewaandikisha mmoja mmoja.

Mpango ni huu. Opera ya Jumapili ni ile ya binti wa mlinda daraja. Sehemu ya tatu, binti anabaki peke yake darajani, anamsihi baba yake afungue lango. Wimbo huo nilimsikia marehemu Nives Castagnoli akiuimba mwaka 1951. Mama mmoja aliyekaa chini aliangusha darubini yake na hakuinama kuiokota. Ndivyo inavyotakiwa! Basi, Montecchi akishafungua tu mdomo, mimi nakohoa mara tatu. Koho, koho, koho. Hapo wanapiga miluzi wote kwa pamoja.

Muuza samaki wa barabara ya mtoni, tunayemwita Mafuta ya Nywele (jina lake ni Gandolfi, lakini ukimwona utaelewa), aliuliza itakuwaje nikibadili nia. Nikawaambia kwa sauti ya jemadari: hata nikija mwenyewe nikipiga magoti nikiwaomba muache, msinisikilize. Mjue Zilioli amenirubuni.

Walinipigia makofi. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Jumatano, 12 Januari

Jambo la ajabu limetokea.

Dada yangu Argia, mjane, ndiye mwenye nyumba hii, na tangu juzi amepangisha chumba cha nyuma. Mpangaji ni msichana. Sijamwona. Argia aliniapisha nisimkaribie, kwa sababu yule mpiga fidla wa mwaka jana alihama baada ya mimi kumpa maoni yangu. Maoni yenyewe yalikuwa machache tu. Kama arobaini.

Leo asubuhi nilikuwa nanyoa ndevu. Mara sauti ikapita ukutani. Hakuwa akiimba opera, ni wimbo wa kubembelezea mtoto, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayepasha moto maziwa na hataki yachemke. Lakini pumzi ile! Hukusikia mahali ilipoanzia wala ilipoishia. Sauti ya dhahabu, yenye joto, halafu kwa mbali ina kitu kama mkwaruzo wa hariri.

Nilijikata shavu. Sikuhisi.

Nilimuuliza Argia mpangaji anafanya kazi gani. Akasema kazi yake ina zamu za ajabu, na kwamba niende nikapake dawa shavuni. Nimewaza mwenyewe. Anatoka mchana. Anarudi amechoka. Argia anasema hujifunga skafu shingoni, hazungumzi na mtu, anakunywa maji ya moto na asali. Nesi, bila shaka.

Nesi! Lulu hii inapima watu joto hospitalini, wakati yule wa Reggio amepewa jukwaa!

Alhamisi, 13 Januari

Sikukuu ya Mtakatifu Hilari, msimamizi wa mji wetu. Argia ameoka biskuti zenye umbo la kiatu. Nimekula viatu saba nikiwa nimeegemea ukuta wa chumba cha nyuma, na glasi sikioni.

Argia akanikuta. "Ermete! Umri huo, huoni aibu?"

Nikamwambia nachunguza unyevunyevu wa ukuta. Akasema unyevunyevu hauimbi. Nikamwambia basi dada, ukweli ni huu, humu ndani tuna sauti kubwa kuliko zote tangu Castagnoli, na wewe unaiuzia supu. Akaanza kucheka, akashika meza. Wanawake hawana masikio ya muziki.

Alasiri nikamweleza Zilioli. Akauliza kwa nini nisimrekodi kwa kaseti. Kaseti! Nimemwambia mara elfu: santuri na kaseti ni picha ya chakula. Opera ni pale unapomwona mtu akivuta pumzi na wewe unaogopa kwamba haitamtosha. Akasema, "Hapo sina ubishi, mzee." Mara ya kwanza tangu mwaka 1968. Nikamnunulia glasi ya divai, kisha nikajuta, maana alirudi palepale kumsifia Montecchi.

Kesho naenda jumba la opera. Nitadai wamwondoe Montecchi, wamweke nesi wangu.

Ijumaa, 14 Januari

Msiba wa pili!

Nilivaa suti ya mazishi. Katibu wa jumba alinipokea vizuri, kijana mpole mwenye miwani. Nikamtolea hotuba. Nikasema Reggio wana sifa zao, nikashindwa kuzitaja. Nikasema kuna nesi, amejificha, mnyenyekevu, anaweza kuwaokoa wote Jumapili. Nikaimba kidogo kumwonyesha. Akaniomba niache.

Akauliza huyo nesi anaishi wapi. Nikataja mtaa, namba, chumba cha nyuma, kwa dada Argia.

Akavua miwani. Akaifuta. Akafungua daftari, akaligeuza nione. Mbele ya anwani yetu palikuwa na mwandiko safi kabisa: *Montecchi, Zaira.*

"Mzee," akasema polepole, "huyo ndiye tuliyemwajiri."

Sikumbuki nilivyoteremka ngazi.

Nilimkuta Argia akimenya viazi. Nikamlaumu. Kwa nini hukuniambia? Akasema, "Uliniuliza kazi yake, hukuniuliza jina lake. Na ningekuambia, ungeshapanga kumzomea. Nakujua."

Nilimenya viazi vilivyobaki.

Baadaye akanieleza mengine bila kuulizwa. Baba yake binti ni fundi mabomba. Yeye mwenyewe ameimba miaka sita kwenye vijumba vidogo na harusini. Hii ndiyo mara yake ya kwanza jumba kubwa. Kila mtu anajua: ukizomewa Parma, simu yako inanyamaza mwaka mzima.

Jumamosi, 15 Januari

Nimezunguka mji mzima kwenye ukungu kuvunja jeshi langu. Kwa miguu, kuanzia saa mbili asubuhi.

Hakuna aliyekubali! Wa kwanza alinikonyeza jicho. Wa pili alipiga saluti. Gandolfi nilimpigia magoti kweli, palepale mbele ya meza yake ya samaki, suti ikalowa. Machozi yakamtoka kwa kuvutiwa. "Umesema utakuja, na umekuja," akasema. "Hongera, jemadari. Zilioli hatupati ng'o!"

Nikawaambia basi mimi nimeghairi, sitakohoa. Wakacheka. Wakasema bila ishara hawafanyi kitu. Ah! Mwanga! Ishara iko mikononi mwangu. Nisipokohoa, hakuna mluzi. Rahisi kabisa!

Nimerudi nyumbani na furaha. Nimelowa hadi mifupani. Koo linawasha kidogo.

Jumapili, 16 Januari

Nitaandika yote.

Niliamka na kifua kama kiwanda. Argia alinipaka mafuta ya kafuri, akanifunga skafu mbili, akasema nibaki kitandani. Nibaki! Nilimeza chupa nzima ya dawa, nikawa mlangoni saa nane mchana. Onyesho saa tisa na nusu.

Sehemu ya kwanza: nilibana pumzi. Montecchi alitoka, mdogo, viatu vimempwaya. Alianza kwa woga, macho kwa kiongozi wa okestra kila mara, jambo ambalo kwa kawaida sisamehi. Nilisamehe. Sehemu ya pili woga ukamtoka. Nilitafuna skafu. Machozi yalinitoka, Zilioli akadhani ni muziki. Ilikuwa vyote viwili, muziki na kikohozi.

Sehemu ya tatu. Daraja. Mwanga wa buluu. Kumi na wanane wamenikazia macho gizani. Koo langu limejaa mchwa. Zilioli akaniona ninavyohangaika, akanihurumia. Akatoa pipi ya mnanaa. Akaanza kuifungua ile karatasi.

Kra. Kra. Kraaa.

Karatasi ya pipi katika sehemu ya tatu! Nimewahi kuvunja urafiki na mtu kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikafungua mdomo nimkemee, na hapo hewa ya baridi ikaingia.

Nilikohoa.

Nilikohoa tena.

Nikajiziba kwa mikono yote miwili. Montecchi akainua uso, akafungua mdomo, sauti ya kwanza ikatoka nyembamba na safi. Na kile kikohozi cha tatu kikatokea puani.

Miluzi kumi na minane! Dari ilitikisika. Okestra ikayumba, ikakatika. Yule binti alisimama katikati ya mwanga, mikono imening'inia. Alionekana kama mtu aliyeshushwa kwenye kituo kisicho chake.

Nikasimama juu ya benchi. Nikapiga kelele, nadhani neno langu la kwanza lilikuwa "ng'ombe". Nikasema, "Nyamazeni, ng'ombe nyinyi! Huyo anaimba kuliko mama zenu wote! Anzeni kunizomea mimi!" Wakachanganyikiwa. Gandolfi alidhani ni sehemu ya mpango, akanipigia makofi. Mlinda mlango akanishika kwapani, akanitoa nje mbele ya watu wote. Miaka thelathini na moja bila doa, halafu nje!

Nilikaa kwenye ngazi za mawe. Mlango ukafungwa. Kimya. Nikawaza: nimemuua.

Mlango ukafunguka. Zilioli, amebeba koti langu na kofia yangu.

Nikamwambia arudi, mjinga wewe, atakosa wimbo. Akasema, "Sogea huko." Akakaa.

Kisha tukaisikia sauti yake, kupitia ule mlango mzito. Ameanza upya, kutoka mwanzo, bila haraka. Mlinda mlango akaacha kuniangalia kwa ukali. Ilipofika pale anapomwambia baba yake afungue lango, sauti ilipanda, ikakaa juu, ikakaa. Niliogopa pumzi haitatosha. Ikatosha. Ikabaki na ya akiba.

Makofi yalipolipuka, Zilioli alikuwa analia. Nikampa skafu moja. Ya pili niliihitaji.

Jumatatu, 17 Januari

Gazeti linasema mbadala kutoka Reggio amewashinda watu wa darini. Linasema pia kwamba "mlevi mmoja mzee" alitolewa nje. Nimewaandikia wasahihishe. Sikuwa nimelewa, nilikuwa nimekunywa dawa.

Argia aliniruhusu kuingia jikoni saa za kifungua kinywa. Montecchi alikuwapo, kwenye stuli, miguu haifiki sakafuni. Nikakiri kila kitu. Jeshi, kikohozi, glasi ukutani. Nilisema kwa kuangalia kikombe.

Kisha akasema kwamba ile miluzi ilipopigwa alitaka kukimbia, lakini akasikia mtu mmoja huko juu akiwaita wenzake ng'ombe, akajua kwamba angalau mmoja yuko upande wake. Akasema, "Mmoja ananitosha, mzee wangu. Niliwahi kuimba harusi ambayo hata bibi harusi aliondoka."

Akaniuliza kama nina maoni yoyote kuhusu uimbaji wake. Argia akadondosha kijiko.

Nilikuwa nayo kumi na moja. Nikampa mawili tu. Akayaandika!

Alhamisi, 20 Januari

Nimekuwa mtu mwingine. Mpole. Sihukumu tena mwimbaji kabla ya kumsikia.

Jana Zilioli akasema mwimbaji wa besi anayefika wiki hii kutoka Bergamo, kwa mazoezi ya onyesho la mwezi wa pili, ana sauti ya pipa tupu. Nikacheka kwa dharau. Huyo ni besi mkubwa kuliko wote walio hai! Sijamsikia, lakini nimeona picha ya kifua chake. Safari hii sizomei mtu. Safari hii ni upendo mtupu, nami nitakuwa wa kwanza kumpokea.

Leo mchana nikaenda stesheni na paja zima la nguruwe, lililokaushwa miezi ishirini na nne, nimelinusa mwenyewe. Nikamtambua papo hapo: mtu mnene, koti la manyoya, sanduku kubwa. Nikamkumbatia. Nikamwambia Parma yote inamsubiri, asimsikilize Zilioli. Sanduku likafunguka, vifungo vya nguo vikamwagika sakafuni, mamia kwa mamia, vimeshonwa kwenye kadi zenye bei. Vya mavazi ya maonyesho, bila shaka. Tukaviokota pamoja.

Akapokea paja. Akasema "asante" kwa sauti nzito, ya chini, tajiri. Neno moja, nikajua kila kitu! Kisha akapanda treni ya kwenda Bologna.

Wasanii wakubwa ndivyo walivyo, hawatulii. Kesho namweleza Zilioli kwamba nimeshamsikia.