Korido ya Hatua Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu ameondoka asubuhi. Dada yake kajifungua, anakwenda kumsaidia mpaka Ijumaa. Ameacha ramani ya nyumba yetu mpya imepigiliwa ukutani kwa misumari minne. Akaniambia nisiguse kitu. Nikamwambia aende kwa amani. Nilikuwa namaanisha, mpaka saa tatu.

Saa tatu dada yangu kapiga simu. Mama anakuja Jumamosi kuziangalia nyumba zetu, yake na yangu, achague pa kuishi. Tangu nyumba yetu ya zamani ivunjwe kupisha barabara, mama anakaa kwa mama mdogo na bado hajapazoea. Dada anajisikia kweli. Mumewe, mimi humwita Bwana Vigae, ameweka vigae mpaka kwenye banda la kuku. Chumba cha mama kiko tayari, kinameremeta.

Mimi nina nini? Paa, kuta za nje na vumbi. Kuta za ndani zimefika kiunoni. Lakini naikumbuka nyumba ya zamani sentimita kwa sentimita. Nitamjengea mama nyumba yake ileile ndani ya hii. Akivuka kizingiti tu, kwisha kazi. Miaka kumi na moja nimeishi mbali naye na nimemkosa sana. Safari hii simwachii dada.

Jumanne, 4 Juni

Nimemweleza fundi wetu. Jina lake la kazini ni Timazi, kwa sababu hajawahi kujenga ukuta uliopinda, na hachoki kukukumbusha. Akauliza ramani mpya iko wapi. Nikagonga paji la uso: iko humu. Akalitazama kwa muda. Akasema bosi ameshatoa ramani. Kumbe bosi ni mke wangu! Nimelimeza hilo.

Nikamkumbusha kwamba mimi ni fundi cherehani, miaka ishirini na sita napima watu kwa jicho. (Suruali ya harusi ya Bwana Vigae ilikuwa bahati mbaya, na wiki ile alikula mno.) Akakubali shingo upande.

Tumeanza na korido. Ya zamani ilikuwa hatua kumi na nne kutoka mlango wa mbele hadi jikoni. Nilizihesabu kila siku nikitoka shule. Upana wake, nilinyoosha mikono yote miwili na sikugusa ukuta. Leo nimenyoosha mikono, nimehesabu. Hatua ya kumi na nne imenifikisha bafuni. Timazi akauliza tutaoga wapi. Nikamwambia tusikwamishwe na mambo madogo.

Jumatano, 5 Juni

Korido imepanda. Sebule imebaki na nafasi ya kochi moja, na unaingia kwa ubavu.

Nimesimama katikati nimefumba macho. Sakafu yetu ilikuwa nyekundu, inanukia nta. Nilikuwa navua viatu mlangoni nateleza na soksi mpaka jikoni, mama ananiambia nitang'oka meno, na huku anacheka. Machozi yamenitoka. Timazi akauliza kama ni saruji imeniingia. Nikasema ndiyo, ni saruji.

Alhamisi, 6 Juni

Leo dirisha la mbele. Hili ndilo lenyewe. Kila jioni nilisimama pale, kidevu juu ya kizingiti cha dirisha, vidole vimeshikilia, namsubiri mama atoke kiwandani. Nisipomwona sikubanduka, hata kwa chakula. Akitokea kwenye kona, nakimbilia mlangoni. Sijawahi kumwambia mtu. Dada hajui, yeye alikuwa nyuma anasukwa nywele.

Timazi alitaka liwe usawa wa kiuno, kama nyumba za watu. Nikasimama wima, nikaweka kiganja chini ya kidevu: hapa. Akauliza mara mbili. Kisha akaomba niandike kwa mkono wangu kwamba wazo ni langu. Nimeandika, kwa mwandiko mzuri.

Ijumaa, 7 Juni

Mke wangu amerudi saa nane. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akatembea korido yote, akarudi. Akasema basi linaweza kugeuza humu. Akauliza sebule iko wapi. Nikamwonyesha. Akasema hiyo ni kabati.

Nikaanza kumweleza habari za mama na sakafu nyekundu. Akakaa juu ya ndoo, akanitazama. Akasema sawa, mama aje aone, lakini Jumatatu Timazi anarudi na nyundo. Chai nimejipikia mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Mama amefika saa nne, dada na Bwana Vigae nyuma yake. Wametoka kumwonyesha nyumba yao kwanza. Bwana Vigae alitabasamu hatua zote kumi na nne.

Nikamuuliza mama kama anaikumbuka korido hii. Akasema ile ilikuwa hatua saba, na kila wiki aliipiga nta kwa magoti huku akiilaani. Nikamvuta dirishani kabla mambo hayajaharibika zaidi. Mama ni mfupi. Aliona mawingu. Akauliza nani atafungwa humu.

Bwana Vigae akakohoa kukificha kicheko. Nikaona nimeshampoteza mama. Basi nikasema, mbele yao wote, kwamba dirisha letu lilinifika kidevuni, na nilikuwa namsubiri pale. Mama akanigeukia. Akauliza nilikuwa na miaka mingapi. Nikasema sita.

Alicheka mpaka akakalia mfuko wa saruji. Dada anasema hajamwona akicheka hivyo tangu baba afariki. Kisha mama akafuta macho. Akasema kila jioni akikata kona alitafuta uso na vidole vinane dirishani, na akiviona miguu iliacha kumuuma. Hakujua kwamba nakumbuka.

Akamwambia dada vigae vyake ni vizuri, ila anaogopa kuteleza. Atakaa hapa. Sharti moja: nisiguse tena ukuta wowote. Nimeapa.

Jumapili, 9 Juni

Nimekuwa mtu mzima. Kesho Timazi anabomoa korido, dirisha linashuka, bafu linarudi, kila kitu kama alivyochora mke wangu. Sikupinga hata neno moja. Mtu hajengi nyumba kwa kumbukumbu za utotoni. Nimempigia Timazi simu kumwambia hivyo, akasema amefurahi kusikia.

Mchana mama alikuwa anakunywa chai, ametulia, akaanza kusimulia nyumba ya baba yake. Iliungua zamani, sikuwahi kuiona. Ilikuwa na baraza mbele, anasema, refu ajabu. Hatua arobaini kamili, alizihesabu akikimbia. Uso wote ulimng'aa. Nikamuuliza alikuwa na miaka mingapi. Akasema mitano.

Baraza si ukuta. Nimetoka nje kimyakimya, nimepima. Hatua ya arobaini inaangukia sebuleni kwa jirani. Nitamwona kesho asubuhi na mapema. Anaonekana mtu mwelewa.