Kiti cha Fridley katika Nyumba ya Masista

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kiti cha Fridley, mji wetu, kiko wazi. Aliyekuwa akikikalia amehamia Texas, amechoka na theluji. Nimempigia simu Reine, karani wa Bunge, kumwambia nakitaka. Akaniandika. Nikamuuliza kama mimi ndiye wa kwanza. Akasema wa pili. Mugisha alipiga saa moja asubuhi.

Kwa atakayesoma daftari hili siku nitakapokuwa mtu mashuhuri: Bunge ni la Waafrika Mashariki wa majimbo matano ya huku, Minnesota na majirani zake. Halitungi sheria. Linajadili misiba, shule ya Kiswahili ya watoto, na nani amwakilishe nani. Linakaa mara nne kwa mwaka Saint Paul, katika nyumba ya zamani ya masista, jengo la matofali ya njano lenye zaidi ya miaka mia. Masista walipungua, wakaliachia. Kanisa lao dogo ndilo ukumbi sasa. Spika anakaa palipokuwa altare. Wabunge wanakaa kwenye viti vya mbao ambavyo masista walivikalia kusali, safu mbili zinatazamana. Ukishakaa hapo unaitwa Mheshimiwa.

Nina miaka arobaini na sita. Jina langu Wambura, ila wazee kazini wananiita Wambu. Nyumbani Baba Fiona. Mheshimiwa, bado.

Mugisha alihamia Fridley kutoka Burnsville mwaka jana tu. Ni muuguzi. Anaimba besi kwenye kwaya yetu kule Brooklyn Center. Ana tabia ya kusaidia watu kabla hawajaomba. Simpendi.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimempigia Reine tena kuuliza taratibu. Uchaguzi ni Jumamosi hii, mbele ya wageni. Nikamwambia hotuba yangu iko tayari. Reine ni wa Bukavu, hana haraka. "Bon, kaka Wambura," akasema, "mgombea hasemi. Anasemewa." Mkazi mmoja wa Fridley atanisemea kwa dakika tatu, kisha wabunge watapiga kura.

Nikauliza kama mke anaruhusiwa. Anaruhusiwa, akasema, ila wa mwisho kufanya hivyo alisema ukweli na mumewe hakupata hata kura moja.

Bado nilimwomba Noela. Aliuliza aseme nini. Nikasema ataje sifa zangu. Akazima jiko ili afikiri vizuri. Alifikiri muda mrefu, mwishowe nikatoka jikoni.

Mugisha atasemewa na mama Keziah, kiongozi wa kwaya. Huyu mama akitangaza tu kwamba chai iko tayari, watu wanatoa leso.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Fridley. Naogesha, nalisha, natandika. Chumba cha kumi na nne yuko Sista Leocadia, miaka tisini na moja, miguu haimbebi tena lakini akili iko kamili. Leo nilikuwa namkata kucha. Akaniambia, kama kawaida yake, kwamba aliishi miaka arobaini na moja kwenye ile nyumba ya Saint Paul, akioka mikate. Akaomba, kama kawaida yake, nimpeleke akakione chumba chake. Ameniomba hivyo tangu nianze kumhudumia, miaka miwili sasa. Kila mara namwambia wiki ijayo.

Leo mkasi ulibaki hewani. Mkazi wa Fridley. Sista. Wa jengo lilelile. Nani atanyanyua mkono kumpinga mtu anayesemewa na sista ndani ya kanisa lake mwenyewe?

Nikamwambia tutakwenda Jumamosi. Alinishika mkono akanitazama. Nilisikia kitu kifuani. Kikapita.

Nikamuuliza kama atakubali kusema maneno machache juu yangu mbele ya watu. Akasema kwa furaha kabisa, atasema anayoyajua. Nimemwandikia anayoyajua, ukurasa mzima, kwa herufi kubwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mkazi hatoki bila fomu, na fomu husainiwa na Maureen, msimamizi wetu, Mkenya wa Kisii, macho makali. Fomu inauliza sababu ya safari. Nimeandika: kutimiza ndoto ya mkazi. Maureen alisoma mara mbili. Akanitazama juu ya miwani. "Wambura, hii roho safi umeitoa wapi?" Nikasema nimekuwa nayo siku zote. Akasaini. Ameagiza Sista arudi saa kumi kamili, awe amekula.

Baada ya chakula cha mchana nilimpa Sista ule ukurasa ausome. Alisoma polepole mpaka mwisho. Kisha akaniuliza huyu bwana ni nani. Nikamwambia ni mimi. Akasema ahaa, akaukunja, akauweka chini ya mto.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nitaandika kwa utaratibu.

Tuliondoka saa tatu asubuhi. Sista alivaa koti la bluu na kofia. Tulipofika na nikamteremsha kwenye kiti chake cha magurudumu, aliutazama mlango mkubwa wa mwaloni akasema wameupaka rangi mbaya.

Aliomba twende chumbani kwanza. Nikasema baadaye, Sista, mkutano ukiisha. Akasema chumba kiko ghorofa ya pili. Nikasema najua. Sikuwa najua. Sikuwa najua pia kwamba lifti ilikuwa imebandikwa karatasi: imeharibika. Niliiona, nikamgeuza asiione.

Ukumbi ulijaa. Wageni nyuma, wabunge pande zote mbili, Spika mbele na nyundo yake ya mbao. Mugisha alikuwa amefika. Alikuja kumsalimu Sista akapiga goti kabisa ili walingane macho. Alimuuliza kama haoni baridi, akaenda kumletea blanketi. Nikaona anajipendekeza.

Mama Keziah alisema kwanza. Alieleza jinsi Mugisha alivyokaa hospitali siku tisa na mgonjwa asiye na ndugu nchi hii. Leso zilitoka. Sikushtuka. Nilikuwa na Sista.

Spika akaliita jina langu. Nikamsukuma Sista mpaka katikati, nikamwekea ule ukurasa mapajani. Hakuutazama. Alitazama viti vya mbao, kimoja kimoja, kama anayehesabu walioketi. Kisha akasema kwa Kiingereza, na Reine akawa anatafsiri:

"Huyu kijana ana mikono laini. Akinikata kucha hanikati. Nimemwomba miaka miwili anilete hapa, na leo amenileta. Ameniambia chumba changu baadaye. Mimi nina miaka tisini na moja. Ningependa kwenda sasa."

Basi.

Nimewahi kuangusha trei nzima ya vyombo kwenye chumba cha chakula cha wazee. Ukimya uliofuata siku ile ulikuwa mdogo kuliko huu.

Spika aligonga nyundo, akasema Bunge linapumzika dakika ishirini. Mugisha alikuwa ameshavua koti. Yeye na wabunge watatu walikinyanyua kiti na Sista ndani yake, wakapanda ngazi. Mimi nilifuata na blanketi. Hakuna aliyeniambia nisifuate.

Chumba ni kidogo, dirisha moja, chuma cha kupashia joto ukutani na bomba lake linalopita kwenda chumba cha jirani. Sasa wanaweka humo mashine ya kuchapia. Sista alisema asante, akaomba aachwe peke yake. Reine akafunga mlango. Tukasimama kwenye korido. Mugisha alinitazama kwa huruma. Hilo sikuliweza. Nikaingia chumba cha jirani, stoo ya karatasi, nikafunga mlango.

Nilikaa juu ya boksi. Nikaanza kufikiri juu ya kura, juu ya ukurasa niliouandika kwa mkono, juu ya "baadaye" mbele ya watu mia mbili. Hasira ikanipanda. Kulikuwa na bomba karibu na mguu wangu. Nikalipiga teke.

Nilivunjika ukucha wa kidole gumba, nadhani. Nilikuwa bado nimekishika nilipomsikia Sista upande wa pili wa ukuta. Sauti nyembamba. Sikujua ni kilio au kicheko. Mlango wake ukafunguliwa, watu wakakimbilia ndani.

Nilipotoka nachechemea, Sista alikuwa anawaeleza, Reine anatafsiri huku anafuta macho. Kwenye stoo ile zamani alikuwa akilala Sista Bernadine, rafiki yake wa miaka thelathini. Baada ya sala ya mwisho hawakuruhusiwa kuongea, kwa hiyo Bernadine aligonga bomba: niko hapa. Leocadia naye akagonga: nami nipo. Kila siku. Kisha siku moja waligombana juu ya chumvi ya mkate. Bernadine akagonga. Leocadia hakujibu. Asubuhi walimkuta Bernadine amefariki kitandani.

Alichotaka kuja kukifanya, kumbe, ni kujibu. Amegonga, miaka ishirini na saba baadaye. Na bomba limemjibu.

Wote wakageuka kunitazama, mimi niliyetoka chumba cha Bernadine. Reine akauliza kwa sauti ya chini, "Kaka Wambura, ulikuwa unajua?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema sikujua.

Nikainamisha kichwa.

Matokeo: Mugisha kura ishirini na tisa, mimi tano. Kabla ya ghorofa ya pili nisingepata hata moja. Teke moja, kura tano. Tulirudi Fridley saa kumi na dakika tano. Maureen alikuwa mlangoni.

Jumapili, 12 Oktoba

Habari imefika kanisani kabla yangu. Mchungaji alisimulia jambo la bomba kwenye mahubiri, bila jina, lakini watu walinitazama. Mama Keziah alinikumbatia. Mugisha, Mheshimiwa Mugisha, aliniambia yeye asingewaza kitu kizuri namna ile. Nilimwambia mambo haya hutoka moyoni. Noela alikuwa kando yangu. Aliuliza kwa nini basi nimevimba kidole. Nimemwambia ni viatu vipya.

Jumanne, 14 Oktoba

Leo nilirudi zamu. Sista alikuwa dirishani, anakula mkate wa dukani na kuusema vibaya. Nikataka kupita haraka. Akaniita. Akaniuliza kidole kinaendeleaje.

Nikauliza kidole gani.

"Bernadine alikuwa na mkono mwepesi," akasema. "Alikuwa anagonga mara tatu. Ile ilikuwa mara moja, na ilikuwa kiatu. Kisha nikasikia mtu anatukana kwa lugha nisiyoijua."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilimwambia ukweli, kwamba nilikasirika kwa sababu ya kura. Nilimwomba msamaha, na wa ile miaka miwili pia. Hakukasirika. Alisema amegonga, na kulikuwa na mtu upande wa pili, na kwake inatosha. Akaniomba nimpeleke tena wakati wa masika, ikiwa atakuwepo. Nikasema nitampeleka. Na nilikuwa namaanisha, ninapoandika hapa bado namaanisha. Nilitoka chumba kile nimekuwa mtu mwingine.

Ilikuwa saa sita na nusu. Saa saba Reine alipiga simu. Bunge linaunda upya kamati ya kutunza jengo, na Spika ametaja jina langu, kwa kuwa nimeonekana kuyajali mabomba. Mjumbe wa kawaida tu. Nikauliza mwenyekiti ni nani. Mzee Niyibizi, akasema, wa Saint Paul, miaka sabini na nane, magoti yanamsumbua na mikutano iko ghorofa ya pili.

Nikamwambia Reine nimekubali kwa unyenyekevu. Kisha nikauliza, kwa kumhurumia tu yule mzee, lifti itatengenezwa lini. Akasema hilo sasa liko mikononi mwa kamati.

Nimefikiria sana. Lifti ni kitu cha hatari. Hakipaswi kuharakishwa.