Mkufu wa Bi Muhiba

Jumatatu, 6 Machi 1978
Bahati imenishukia! Jirani yangu Bi Muhiba anamwoza binti yake Kadija Jumamosi. Mkufu wa fedha wa marehemu mama yake, wenye vito vya feruzi, umefifia hadi ukawa mweusi. Alitaka kumpa Gachanja, fundi saa wa mlango wa pili. Gachanja! Mtu anayechonga penseli kwa meno! Nikamwahi. Nikaapa kwamba nimesomea vito. (Sijasomea.) Bi Muhiba akanikabidhi: “Mwanangu Nyamai, maji vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini. Usiuloweke.” Ushauri wa kufulia soksi.

Jumanne, 7 Machi
Nimeuloweka kwenye dawa ya madoa. Dawa inayong’arisha shati itashindwaje na mkufu? Imeshindwa. Fedha imezidi weusi, kama sufuria ya githeri. Ole wangu! Gachanja amepita kuuliza kazi inaendeleaje. Nikamjibu kwamba weusi hutangulia weupe. Akacheka hadi mtaa mzima wa Shauri Moyo ukasikia.

Jumatano, 8 Machi
Nimejaribu maji ya ndimu. Fedha haijabadilika. Vito vilivyokuwa bluu sasa ni kijani cha maji ya mtaro. Silali. Sili. Bi Muhiba ameniletea mahamri, akasema ananiombea dua. Hayakupita kooni. (Manne tu.)

Alhamisi, 9 Machi
Nimeuchemsha. Gundi ikaachia, vito vitatu vikang’oka, vikawa vinarukaruka kama maharagwe. Hapo hapo Bi Muhiba akabisha hodi. Akachungulia jikoni. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alisema tu, “Mama alinivisha huu kwa mikono yake.” Akaokota vito, kimoja kimoja, akaenda zake. Nimekaa sakafuni tangu hapo.

Jumamosi, 11 Machi
Kadija ameolewa. Jana mama yake alishinda akiusugua mkufu kwa sabuni na kitambaa, umeng’aa nusu. Gachanja alivibandika tena vito. Rangi yake haikurudi. Kadija ameuvaa hivyo hivyo, na Bi Muhiba akafuta machozi kwa ncha ya leso. Niliona yote kupitia dirisha langu. Gachanja alialikwa. Mimi nilialikwa na harufu ya pilau.

Jumapili, 12 Machi
Nimetubu kanisani, na nimelijua kosa: feruzi ni jiwe dhaifu. Mbeti, tuliyekaa naye benchi moja, ana hereni za fedha zenye lulu. Nimemwambia nina uzoefu. Lulu hutoka baharini. Itaogopaje chumvi na maji ya moto? Nimeshaazima karai.