Turubai la Kuokoa Petroli

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Balaa! Mkutano wa kijiji. Ndugu Antipasi, mwenyekiti wetu, katangaza kwamba petroli imeadimika nchi nzima, na kijiji kina lori moja na madereva wawili. Kila mmoja ataendesha safari moja kwenda Singida mjini na kurudi. Atakayebakiza petroli nyingi anabaki na usukani. Mwingine anakwenda shamba la kijiji, kulima.

Mimi Melkiori na jembe! Mgongo ukaniuma palepale. Naftali, dereva mwenzangu, akatabasamu. Simpendi mtu anayetabasamu mkutanoni.

Jumanne, 6 Agosti
Zamu ya Naftali. Kwanza kajaza upepo matairi. Kisha kateremsha mawe yaliyokaa nyuma ya lori tangu masika. Kaondoka taratibu utadhani amebeba mayai ya mama mkwe. Wanasema hata alipokuwa akingoja akina mama wapakie vitunguu, alizima injini.

Jioni mwenyekiti kachovya kijiti kwenye tangi. Kimelowa mpaka juu! Kamsifu kwa kutunza mali ya umma na kutowafukiza watu moshi njia nzima. Nikamvuta Naftali pembeni nimuulize siri yake. Akasema ni mguu mwepesi tu. Mwongo! Nani anatoa siri bure?

Jumatano, 7 Agosti
Nimepata! Mke wangu Luciana alianika khanga, upepo ukaibeba mpaka kwenye ua wa minyaa wa jirani. Huu upepo wa Singida unatusumbua kila mwaka, hakuna anayeutumia! Nikaenda ghala la kijiji kuazima turubai. Nilisema ni la kufunikia mtama. Nguzo mbili nyuma ya lori, turubai katikati, nazima injini narudi bure.

Luciana akauliza, "Na utasimamaje, Baba Dorkas?"

Nikamwambia tatizo la nchi hii ni petroli, si kusimama. Akanipa uji uliopoa.

Alhamisi, 8 Agosti
Kwenda mjini nilikanyaga mafuta mpaka mwisho. Kwa nini nijibane, wakati kurudi ni bure? Kurudi, juu ya mteremko, nikainua turubai, nikatoa gia, nikazima injini. Lo! Lori likaenda! Nikaimba. Ng'ombe wakanipisha.

Ikaja kona. Nikakanyaga breki, ngumu kama jiwe; kumbe nazo zinategemea injini. Barabara ikapinda, upepo haukupinda. Nikaita jina la mama yangu. Lori likaacha njia, likakata shamba lililokwisha kuvunwa, likajichomeka kwenye lundo la mabua ya mtama. Nikajipapasa: mzima. Lori halina hata mkwaruzo. Njiani hapakuwa na mtu. Nikakaa chini nikacheka na kulia kwa pamoja. Mungu ni mwema, jamani.

Lori likakataa kuwaka. Tangi kavu! Petroli yote iliisha kwenye zile mbio za kwenda. Ng'ombe wa mwenye mabua ndio walionivuta mpaka kijijini, Naftali akishuhudia.

Ijumaa, 9 Agosti
Kijiti kimetoka kikavu, na vumbi juu yake. Usukani ni wa Naftali. Luciana alishaniwekea jembe mlangoni, limenolewa. Nikainamisha kichwa mkutanoni kungoja kutajwa.

Naftali akasimama. Akasema anahitaji utingo wa kujaza upepo matairi na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu.

"Nipeni Melkiori," akasema. "Ni heri awe mahali ninapomwona."

Watu wakacheka. Wacheke! Sendi kulima! Nilitaka kumkumbatia. Nimelala mchana kutwa kwa raha.

Jumamosi, 10 Agosti
Siku ya kwanza ya kazi ya utingo. Naftali kaendesha kwa upole mpaka nikasinzia. Tumerudi na petroli ya kutosha. Nikamshukuru kwa moyo wote, nikamwahidi kwamba mambo ya upepo nimeyaacha kabisa.

Na nimeyaacha. Kwa nini niuhangaikie upepo? Alhamisi ng'ombe walivuta lori zima bila tone la petroli! Wakiongezwa wengine, tunafika mjini. Jioni nimekwenda kwa mwenye ng'ombe, nikamwamkia vizuri, nikamweleza. Mzee akaniuliza kwenye mteremko nani atawasimamisha.

Watu wa huku wanapenda mno kuuliza habari za kusimama.